Akaunti ya soko, pochi ya simu au kifaa: sarafu zako za kidijitali uziweke wapi?

Mdogo wangu wa kike hutafsiri maandishi ya video kwa wateja wa nje, na siku hizi wengi humlipa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Kuna mteja mmoja aliyechelewesha malipo wiki tatu. Alipokumbushwa, akajibu kwa upole kabisa kwamba ameona kwenye anwani yake kuna zaidi ya dola 3,000, hivyo bila shaka anaweza kuvumilia hadi mwezi ujao.

Hakuna aliyemdukua mdogo wangu. Anwani aliyompa mteja ndiyo hiyo hiyo aliyowekea akiba yake, na daftari la mtandao wa sarafu hiyo, linaloandika kila muamala, liko wazi kwa kila mwenye intaneti. Ukimtumia mtu hela kwa M-Pesa au Airtel Money, jina lake unaliona, salio lake hulioni. Huku mambo yamegeuka: jina halionekani, ila salio lote liko hadharani pamoja na kila muamala uliowahi kupita hapo. Siku utakayomwambia mtu mmoja tu kwamba anwani fulani ni yako, umempa na taarifa nzima ya akaunti.

Ndiyo maana mtu akiniuliza apakue pochi gani, kwanza namuuliza anaogopa nini. Kuibiwa simu? Kampuni kufilisika na hela zake? Mkono wake mwenyewe kukosea? Watu kujua alicho nacho? Hakuna pochi inayozuia yote manne. Nimetumia aina tatu zilizozoeleka, na nitazilinganisha kwa hofu hizo.

Ufunguo anao nani

Pochi ya kripto haina sarafu ndani yake. Sarafu zimeandikwa kwenye daftari la mtandao. Pochi inatunza ufunguo wa siri unaoruhusu kuzihamisha. Ukilishika hilo, tofauti ya aina hizi tatu inakuwa nyepesi.

Kwenye akaunti ya soko, yaani kampuni ya kununulia na kuuzia sarafu kama Binance au Bybit, ufunguo wanao wao. Wewe una jina, kitambulisho ulichopiga picha ukawatumia, na nywila. Kwenye pochi ya simu, kama MetaMask, Trust Wallet au BlueWallet, ufunguo umo ndani ya simu yako, na nakala yake ni maneno 12 au 24 uliyoonyeshwa siku ya kwanza. Kwenye kifaa, kama Trezor au Ledger, ufunguo umefungiwa ndani ya kidude kidogo kinachotoshea kiganjani. Simu au kompyuta inaandaa muamala, kidude kinautia saini, na ufunguo wenyewe hautoki nje.

Akaunti ya soko

Sitaikejeli, maana wengi wetu tulianzia hapo na kwa kiasi kidogo inafaa. Ukisahau nywila unasaidiwa. Ukitaka shilingi, unauza kwa P2P, yaani kwa mtumiaji mwingine moja kwa moja, na hela inaingia kwenye simu muda si mrefu. Simu ikiibiwa, unaingia kwa simu nyingine.

Tatizo ni kwamba unachoona kwenye skrini ni ahadi tu ya kampuni. Mwaka 2014 soko la Mt. Gox lililokuwa Tokyo lilifunga milango na kutangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Novemba 2022 ikawa zamu ya FTX: ndani ya siku chache wateja walikuta hawawezi kutoa chochote, kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akaja kuhukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2024. Salio la wateja liliendelea kuonekana kwenye skrini, ila hela haikuwepo.

Kwa huku kwetu kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi, laini ya simu. Tapeli akifanikiwa kuisajili upya laini yako, ujumbe wa tarakimu za kuthibitisha unaenda kwake. Basi usitegemee SMS. Washa programu ya tarakimu za kuthibitisha, ile inayobadilisha namba kila sekunde 30, na nakala yake ya dharura iandike kwenye karatasi.

Kuhusu faragha, soko linakujua kwa jina, sura na namba ya simu, na kila anwani unayotolea sarafu linaiandika. P2P inaongeza mtu mwingine tena: yule mnayebadilishana naye anaona jina lako la pesa za simu. Hela aliyokutumia ikiwa ya wizi, namba yako ndiyo itakayofuatwa kwanza na inaweza kufungiwa. Mimi huchagua mwenye miamala mingi ya nyuma, na jina la anayenilipa lisipofanana na jina la akaunti yake sokoni, narudisha hela na kufuta biashara hapo hapo.

Pochi ya simu

Hapa kampuni ikifa, hela yako haifi nayo. Unachukua maneno yako 12, unayaingiza kwenye pochi nyingine, na kila kitu kinarudi. Maneno hayo hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048 ya Kiingereza, na mpangilio wake ndio ufunguo wenyewe. Anayeyajua haulizwi nywila wala kitambulisho, na wala hahitaji simu yako.

Kwa hiyo hatari yote imehamia kwenye maneno hayo. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuyapiga picha. Februari 2025 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kuhusu kirusi walichokiita SparkCat, kilichojificha ndani ya programu zilizokuwa kwenye duka la Google na hata la Apple. Kilikuwa kinapitia picha za kwenye simu, kikisoma maandishi yaliyomo na kutafuta maneno ya pochi. Programu ilikuwa inaomba ruhusa ya kuona picha, watu wakabonyeza kukubali. Kuna pia wasiokosea chochote: Agosti 2022 pochi ya Slope, ya mtandao wa Solana, ilibainika kuwa ilikuwa inapeleka maneno ya watumiaji kwenye seva yake bila kuyaficha, na maelfu ya pochi yakakombwa.

Nieleze ninavyofanya mwenyewe. Naweka simu katika hali ya ndegeni, nafunga mlango, nachukua karatasi ngumu na kalamu ya risasi. Naandika maneno kwa herufi kubwa, kila moja na namba yake. Nakala mbili. Zamani nilitumia kalamu ya wino. Masika moja maji yaliingia kwenye kabati na neno la saba likabaki doa la bluu. Nililipata kwa sababu herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua neno lolote katika orodha ile, na mbili nilikuwa bado naziona. Nilijaribu kila neno lililoanza na herufi hizo mpaka pochi ikafunguka. Tangu hapo natumia risasi, na karatasi inakaa ndani ya mfuko wa plastiki.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya kuweka hela ya maana, ingiza sarafu za dola mbili tatu, futa pochi kwenye simu, kisha uirudishe kwa kusoma karatasi yako. Ikirudi, karatasi iko sawa. Isiporudi, umepoteza dola mbili na umeokoa zilizobaki.

Kwa faragha, pochi ya simu haikuombi kitambulisho, lakini si kwamba haikuoni. Kila inapouliza salio lako, inaiuliza seva ya mtu. Novemba 2022 Consensys, kampuni inayotengeneza MetaMask, iliandika wazi kwamba seva zake za Infura, ambazo MetaMask huzitumia usipobadilisha, hukusanya anwani yako ya intaneti pamoja na anwani ya pochi unapotuma muamala. Watumiaji walipopaza sauti, ikasema itapunguza muda wa kuzitunza hadi siku 7. Ndani ya mipangilio unaweza kuweka seva nyingine unayoiamini.

Kifaa

Kifaa ndicho ninachokiamini kwa akiba ya muda mrefu. Simu yako hata ikiwa na kirusi, kirusi hakiwezi kuchomoa ufunguo. Kidude kikiibiwa, mwizi anahitaji PIN, na wewe unanunua kingine na kurudisha kila kitu kwa maneno yako. Vya bei nafuu havivuki sana dola 80 kabla ya usafiri na ushuru. Kama akiba yako yote ni dola 100, hesabu haikubali. Baki na simu.

Kinunue kwa mtengenezaji au kwa muuzaji aliyetajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, kamwe usinunue cha mtumba. Kikija na maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi, usikitumie: aliyeyaandika anasubiri uweke hela. Maneno halali hutengenezwa na kifaa mbele ya macho yako.

Hata ununuzi wenyewe una faragha yake. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja: barua pepe zipatazo milioni 1, na kwa wateja wapatao 272,000 yalitoka pia majina, namba za simu na anwani za nyumbani. Baadaye baadhi yao waliletewa kwa posta vifaa bandia vilivyofungwa kama vya kweli, na barua ya kuwataka waingize maneno yao. Sisi tuna bahati ya sanduku la posta. Agiza kifaa kipitie sanduku, ikiwezekana la ofisi au la ukoo, ili orodha ya namna hiyo ikivuja isimlete mtu mpaka mlangoni kwako. Hilo si jambo la kupuuza. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa na kukatwa kidole na watu waliotaka kripto. Hakuna ufunguo unaokulinda na mtu aliyeshika kisu. Kinachokulinda ni yeye kutojua.

Na kifaa hakilindi macho yako. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, za thamani ya takriban dola bilioni 1.5, wizi ambao FBI iliihusisha nao Korea Kaskazini. Ufunguo haukuvunjwa. Waliopaswa kutia saini walionyeshwa ukurasa ulioonekana sawasawa, kumbe nyuma yake kulikuwa na muamala mwingine, wakaidhinisha. Kifaa kikikuonyesha maandishi usiyoyaelewa, usibonyeze kwa kuwa ukurasa wa kompyuta unasema ni sawa. Kinachotiwa saini ni kile kilicho kwenye kile kiskrini kidogo.

Ile hela itume kwenye anwani hii

Kila aliyewahi kuwa na laini Tanzania ameshapokea SMS ya "ile hela itume kwenye namba hii". Kripto nayo ina ndugu wa ujumbe huo, tena mjanja kuliko yeye. Tapeli hutengeneza anwani inayofanana na ile unayoitumia mara kwa mara, herufi za mwanzo na za mwisho zikiwa zile zile. Anakutumia kiasi kidogo mno, au hata sifuri, ili anwani yake ikae kwenye historia yako. Siku unataka kutuma, unafungua historia, unanakili, unatuma. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza kwa njia hiyo sarafu za thamani ya karibu dola milioni 68. Mwizi baadaye alirudisha sehemu kubwa, jambo ambalo huwezi kulitegemea.

Pochi zote tatu ziko sawa katika kosa hili. Hakuna namba ya kupiga ili muamala urudishwe, na jina la mpokeaji halijitokezi kabla hujathibitisha. Usinakili anwani kutoka kwenye historia. Hifadhi anwani za watu wako kwenye kitabu cha anwani cha pochi, na soma herufi za katikati pia.

Difai: benki isiyo na kaunta

Fedha zisizopita kwa taasisi, watu wanaziita difai, zinataka pochi yako mwenyewe, ya simu au ya kifaa. Akaunti ya soko haiunganishwi na programu za difai kama Uniswap, ya kubadilisha sarafu, wala Aave, ya kukopesha, kwa namna hiyo. Kwa hiyo hapa ulinganisho unabadilika: ni kati ya kuikabidhi kampuni hela ikuzalishie, au kuiweka kwenye programu inayofanya kazi bila msimamizi.

Mwaka 2022 bei ziliporomoka tukaona njia zote mbili zikipimwa. Celsius, kampuni iliyoahidi riba, ilisimamisha utoaji wa hela mwezi Juni na mwezi Julai ikaomba kinga ya kufilisika. Aave, ambayo ni programu ya kukopesha iliyoandikwa kwenye mtandao, iliendelea kufanya kazi ilivyoandikwa. Hapo difai ilishinda. Lakini Desemba 2021 tovuti ya BadgerDAO, mradi mwingine wa difai, ilipachikwa maandishi ya kihalifu yaliyowaomba watumiaji kibali, wakatoa, na takriban dola milioni 120 zikaondoka.

Kibali ndicho neno la kukariri. Kabla programu ya difai haijagusa sarafu zako, inakuomba ruhusa ya kuzichukua, na mara nyingi inaomba bila kikomo na bila tarehe ya mwisho. Umebadilisha USDT 20 leo, lakini ruhusa inabaki wazi kwa zote utakazoweka mwaka kesho. Kwenye sehemu ya kiasi, futa kile kilichowekwa na uandike kile unachotumia leo. Kila baada ya muda, ingia tovuti ya Revoke.cash au ukurasa wa vibali wa Etherscan, tovuti ya kusomea daftari la Ethereum, futa usivyovihitaji. Unalipa ada ndogo. Jihadhari pia na saini isiyotoza ada: nyingine ni kibali kamili, ingawa inaonekana kama kuingia tu kwenye tovuti.

Mimi huwa na pochi ya difai peke yake, na naweka humo ninachotumia siku hiyo tu, kama anayekwenda Kariakoo na hela ya mfuko wa shati. Kwa maoni yangu hiyo inasaidia kuliko programu yoyote ya kulinda.

Nani anakuona

Nimeshasema akaunti ya soko inakujua. Pochi ya simu na kifaa hazikujui, lakini ukitoa sarafu sokoni moja kwa moja kwenda kwenye anwani ya akiba, umeshaunganisha jina na anwani. Soko litaliona, na yeyote atakayepata kumbukumbu za soko ataliona.

Bitcoin inasaidia kidogo hapa: pochi zake nzuri hukupa anwani mpya kila unapopokea. Kwenye Ethereum na mitandao inayofanana nayo, pochi hukupa anwani moja unayotumia kwa kila kitu, hivyo ni juu yako kufungua ya pili na ya tatu. Fungua, ni bure. Moja ya kupokelea malipo, moja ya difai, moja ya akiba ambayo hujawahi kumtajia mtu. Ila ukihamisha hela moja kwa moja kutoka anwani moja hadi nyingine umeziunganisha, maana muamala huo nao uko hadharani. Kuzipitisha kwenye akaunti yako ya soko kunakata uzi kwa macho ya majirani na wateja. Kwa soko lenyewe uzi haukatiki, wala kwa mamlaka ya kodi.

Na kwa kodi sioni sababu ya kujificha. Mwaka 2025 Kenya iliifuta kodi ya asilimia 3 iliyowekwa mwaka 2023, ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, pamoja na sheria mpya ya kuwapa leseni. Tanzania nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa Sheria ya Fedha ya 2024. Tunza kumbukumbu zako.

Wanaouliza kuhusu zana za kuchanganya sarafu za watu wengi ili zisifuatiliwe zilikotoka, kama Tornado Cash, nawaambia wasihangaike nazo. Tornado Cash iliwekewa vikwazo na Marekani Agosti 2022, ikaondolewa kwenye orodha Machi 2025, na katikati ya hapo mmoja wa waandishi wake alihukumiwa kifungo Uholanzi. Monero, sarafu iliyoundwa kwa ajili ya faragha, huficha kiasi na anwani kwa ustadi wa kweli, lakini Binance iliiondoa sokoni mwake Februari 2024, na kuipata shilingi yako kutoka humo ni kazi. Anwani tatu zilizotengwa vizuri zinamtosha mtu wa kawaida.

Mtandao nao ni uchaguzi

Kwa haraka. USDT hupita kwenye mitandao kadhaa; ile ya mtandao wa Tron, yenye anwani inayoanza na T, ndiyo wanayoitumia wengi. Lakini ada yake hulipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe, na Jumamosi moja usiku nilikaa na USDT 40 nisizoweza kuzitoa kwa kukosa TRX. Weka akiba yake mapema. Anwani zinazoanza na 0x zinafanana kwenye Ethereum, Arbitrum, Base na BNB, hivyo uliza mpokeaji ni mtandao gani kabla hujatuma, hasa akiwa anapokelea sokoni. Na ujue kwamba kampuni ya Tether, inayotoa USDT, inaweza kuifungia sarafu hiyo kwenye anwani yoyote, hata ufunguo ukiwa wako.

Ningechagua hivi

Anayejifunza na dola 50, abaki sokoni na programu ya tarakimu za kuthibitisha. Anayelipwa kila mwezi, apokelee kwenye pochi ya simu na asiache humo zaidi ya matumizi ya mwezi. Ambaye akiba yake ikipotea atakosa ada ya shule au kiwanja, anunue kifaa, na karatasi ya pili ikae kwenye nyumba nyingine.

Mdogo wangu sasa ana anwani moja ya wateja. Kila tarehe 28 anatoa kilichoingia, kwanza USDT 5, anasubiri zifike, halafu zilizobaki. Yule mteja wa wiki tatu alilipa mwisho wa mwezi. Alipoleta kazi nyingine, mdogo wangu alimpa anwani mpya yenye salio sifuri na akaomba nusu kabla ya kuanza.